Kisu cha Katembo na Miche ya Uraia

Jirani yangu Katembo, wa hapa Doonside, mtaa wetu huku ughaibuni, huvaa suruali kwa ajili ya mfuko wa kulia. Humo hukaa kisu cha kukunja, cha Kimarekani, chenye mpini wa mfupa na mabapa matatu. Bapa refu hukata utepe wa maboksi ghalani anakofanya kazi. La kati humenya miwa. Dogo husafisha kucha, na tangu nilipoliona likifanya hivyo, miwa yake nimeikinai. Kisu hicho aliachiwa na kaka yake Bruno, aliyefia kambi ya wakimbizi, naye Bruno alipewa na fundi wa visima Mmarekani.

Mkewe Katembo, Elvire, amekipiga vita kisu hicho miaka yote. "Papa Aksanti, iyo kanif uache ku nyumba. Polisi watakushika," humwambia. Katembo huitikia, kisha hutoka nacho.

Siku yao ya kuapishwa kuwa raia niliwapeleka kwa gari langu. Mlangoni pa ukumbi tukamkuta mlinzi anapekua watu. Katembo akapapasa suruali ya suti, akapauka. Siku hiyo ameisubiri miaka sita, majina yameanza kuitwa, na gari nimeliegesha mbali. Pembeni palikuwa na meza imejaa miche kwenye vyungu vidogo. Akadhani ni mapambo. Akakizika kisu kwenye kimoja, akaingia kuapa kwa sauti ya mtu asiye na dhambi.

Angeniuliza ningemwambia, maana mimi niliapa zamani: hapa raia mpya hupewa mche. Hakuniuliza. Sherehe ilipokwisha, meza ilikuwa tupu na watu zaidi ya mia walikuwa uwanjani wakipiga picha na vyungu vyao.

Kulitaja neno kisu mbele ya mlinzi hakuthubutu. Basi akawa anamwendea mmoja mmoja: "Sorry, can I check your tree?" Anachomeka kidole udongoni, anatikisa kichwa, anaondoka. Mzee mmoja akamuuliza kwa hofu mche wake una ugonjwa gani. Kwa kukosa la kusema, Katembo akamwambia apunguze maji. Wengine wakasikia. Haikupita muda, foleni ikajipanga mbele yake, kila mtu na mche wake, nami nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kwenye chungu cha kumi na saba kidole kikagonga chuma. Mwenye chungu, mama mmoja wa Kinepali, alikuwa amemkodolea macho, na mlinzi naye alikuwa anakuja kuuliza kulikoni. Kicheko kikaniisha. Niliogopa kweli, maana alichobakiwa nacho cha ndugu yake kilikuwa kinakwenda mbele ya macho yake.

Elvire akapita katikati yao. Akakiinamia chungu kama anayenusa majani, akainuka akirekebisha kilemba chake kwa mikono miwili, udongo ukimdondokea shingoni.

"My husband, he love trees too much," akamwambia mlinzi.

Mlinzi akamwonea Katembo huruma, akamletea mche wa ziada.

Ndani ya gari Katembo akanyoosha mkono. Elvire akatazama dirishani.

"Mama Aksanti, leta. Ni ya kaka yangu."

"Bruno alikuwa shemeji yangu pia," akasema, na kilemba hakukifungua mpaka nyumbani.