Kinoo kutoka Isimila

Dizeli iliyochanganyika na viazi vitamu vya kuchemsha: nikiisikia harufu hiyo stendi, narudi darasa la tano, Iringa, miaka ya sabini, asubuhi tuliyokwenda Isimila kuona nguzo za udongo.

Sikumaliza uji. Nilikuwa sijawahi kupanda basi. Rehema, niliyekaa naye dawati moja, alishafika Mbeya kwa basi, basi akawa ananifundisha. “Ukitaka kutapika toa kichwa dirishani, mshamba wewe.” Kabla mji haujatoweka nyuma yetu, akatapika yeye.

Mama alikuwa ameniagiza kitu kimoja: jiwe la kunolea visu. Kwetu kinoo hakikununuliwa. Kiliokotwa korongoni, na chetu kilikuwa kimelika hadi kikabaki kama kipande cha sabuni.

Mwenyeji wetu, Ndugu Mhongole, kijana mwembamba mwenye fimbo, alitupokea kwa Kihehe. “Kamwene!” Tukaitikia kwa kelele hadi korongo likaturudishia. Nguzo zilisimama nyekundu, ndefu kuliko mnara wa msikiti wetu, na alipotuambia kwamba zilichongwa na mvua na upepo tu, tulizikimbilia tukizigusa kama watu waliofika kwa ndugu zao. Kisha akatuonyesha mawe yaliyotapakaa chini.

“Haya ni mashoka ya watu wa kale. Tazameni, msiokote.”

Nilimsikia vizuri. Lakini mashoka niliyoyajua mimi yalikuwa na mpini. Jiwe nililoliona mbele kidogo, bapa, limejaa kiganja, lilikuwa kinoo kabisa. Nikalitia kwenye mfuko wangu wa viazi.

Tulipokuwa tukipanda basi, Rehema, ambaye sasa alikuwa na njaa, aliingiza mkono mfukoni mwangu.

“Mwalimu, huyu kabeba jiwe!”

Mwalimu alinishusha. “Unajua umefanya nini? Ile safari ya Ruaha mwakani, darasa zima lisahau!”

“Subiri kwanza, Mwalimu,” alisema Mhongole. Alilipokea jiwe, akachuchumaa mbele yangu. “Umechagua zuri, dada. Uliliokota wapi hasa? Nipeleke palepale.”

Tukashuka tena korongoni, sisi watatu. Kila nguzo sasa ilifanana na mwenzake. Juu, wenzangu walining’inia madirishani, wakiingoja Ruaha yao.

“Hapa,” nilisema.

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akaliweka, akaniuliza upande gani ulikuwa juu, nikamjibu upesi. Akaandika kwenye daftari lake. Mwalimu akasema yamekwisha, safari ipo, na basi zima likapiga makofi. Tuliimba hadi Iringa, na nadhani hakuna aliyeimba kwa nguvu kunishinda.

Nilikuwa mtu mzima, nikijisomea habari za wachimbaji wa mambo ya kale, nilipoelewa kwamba jiwe la namna ile husema kitu likiwa mahali lilipoachwa, kando ya mengine yaliyoachwa nalo. Likihamishwa, husema uongo. Mhongole hakuwa akidai jiwe. Jiwe alikuwa nalo mkononi. Alidai kile ambacho mimi peke yangu ningeweza kumpa, mahali penyewe, nami sikupakumbuka. Tena aliuliza mara mbili. Ile ya pili alikuwa akinipa nafasi ya kusema sijui, na naamini angeliandika hilo pia, kwa mwandiko uleule.