Swali la Arobaini na Moja

Kwenye kiwanda cha uchapaji wanamwita Bi Nukta, kwa sababu nukta iliyokaa vibaya haimpiti. Amekaa kwenye kiti kile kile miaka kumi na sita, akipanga kurasa za vitabu na mitihani. Miguu yake huvimba akisimama zaidi ya saa moja. Mapema mwaka huu, kurasa mbili za kitabu cha sayansi zilipobadilishana nafasi, msimamizi alimwambia bila kuzunguka: kosa jingine, unahamia chumba cha kufunga vitabu. Huko watu husimama kutwa.

Wiki moja, miezi kadhaa baadaye, mwalimu aliyeleta mtihani wa hesabu alibadili nia mara tatu. Maswali sitini, kisha hamsini, kisha arobaini na tano, kisha arobaini. Kila mara Bi Nukta alirudi ukurasa wa mwisho kurekebisha kwa mkono sentensi moja: hakikisha umejibu maswali yote, na idadi yake. Nyumbani mama yake hakuwa akilala tangu atoke hospitali, na mama asipolala, binti naye hukesha. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia. Alikuwa na makro, amri fupi alizoziandika mwenyewe, zinazochora visanduku vya majibu kimoja kimoja huku kihesabio kikipanda. Akaiagiza mashine: pale mwisho, andika namba iliyobaki kwenye kihesabio. Mwalimu na abadili atakavyo.

Alichosahau ni kitu alichokijua vizuri. Kihesabio hakiishii arobaini. Kisanduku cha arobaini kikishachorwa, kinapanda hadi arobaini na moja, ndipo kinagundua kimepita mpaka na kuacha kazi. Namba inayobaki ndani ni hiyo.

Alhamisi saa nne asubuhi vijitabu elfu mbili vilikuwa vimeshabanwa pini, na gari la shule lilitarajiwa saa tisa. Mfunga vitabu, mwanamke wa rika lake, alichungulia mlangoni na kijitabu mkononi.

"Shoga, hili swali la arobaini na moja liko wapi? Au watoto wanalifanyia nyumbani?"

"Acha utani wako, nina kazi."

"Utani umeuandika wewe. Soma."

Alisoma. Hakikisha umejibu maswali yote arobaini na moja.

"Nani mwingine ameona?"

"Wengine mle ndani wanaona chai tu. Na mimi, ukitaka, leo sijui kusoma."

Bi Nukta alikitazama kijitabu. Alimfikiria mtoto asiyemjua, dakika kumi zimebaki, akifunua kurasa mbele na nyuma kutafuta swali lisilokuwepo. Akajikaza kisabuni, akainuka kwenda kwa msimamizi.

Msimamizi alisoma mstari ule mara mbili.

"Hii ni mashine au ni wewe?"

Hilo swali lilikuwa mlango ulioachwa wazi, na wote wawili walijua.

"Mashine ilihesabu sawa, bosi. Mimi ndiye niliyeiuliza namba ikiwa imeshapita."

"Unakumbuka nilichokuambia."

"Nakumbuka."

"Basi karatasi ya nje, yenye ukurasa huo, ichapwe upya. Na hizo pini utazitoa wewe. Kuanzia leo uko chumba cha kufunga."

Kabla ya kuondoka kwenye kiti, aliifungua makro yake na kuongeza amri moja: ukimaliza, toa moja. Chini yake akaandika maelezo mafupi ya sababu, kwa atakayekalia kiti hicho baada yake. Akachapa ukurasa, akahesabu visanduku kwa kidole, arobaini, akalinganisha na namba ya chini. Kisha akachukua miwani yake na kikombe.

Saa nane vijitabu mia sita vilikuwa bado havijaguswa, na kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefura juu ya kiatu. Mfunga vitabu alisukuma bunda la karatasi kwa goti hadi nyuma yake.

"Kaa hapo kabla hujaniangukia. Bosi akija nitakohoa."

Bi Nukta alikaa, akavuta rundo jingine mapajani, akaendelea kung'oa pini.