Kitanda cha Areti Wiki ya Benki Kufungwa

Evanthia alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wenzake waliogopa jambo likishabisha hodi; yeye aliliogopa likiwa bado kwao linatafuta viatu. Alizaliwa Thesaloniki, mtaa wa Ampelokipi, akashona mapazia kwenye karakana mpaka karakana ikafungwa, kisha akaendelea kushona sebuleni kwake. Shule aliiacha mapema, lakini kusikiliza hakuacha. Alisikiliza redio, alisikiliza ngazi za jengo, alisikiliza namna mumewe Pandelis alivyoshusha pumzi akirudi kutoka benki. Kwa ajili ya kusikiliza huko, kabatini mwake mlikuwa na unga, sabuni, na mishumaa ya kutosha kanisa zima.

Basi serikali ilipotangaza kwamba benki zinafungwa, na kwamba Jumapili watu watapiga kura kuyakubali au kuyakataa masharti ya mkopo wa Ulaya, Evanthia hakushtuka. Mtaa mzima ulisema kuwa tukikataa tutatolewa kwenye Umoja wa Ulaya, pesa yetu ya Ulaya itageuzwa kuwa drakma za zamani, na akiba ya mtu itayeyuka kama jibini juani. Evanthia alikuwa ameshaogopa hayo miaka mitano. Sasa alikuwa na jambo lake.

Binti yake wa pekee, Areti, alikuwa anaolewa Jumapili ileile ya kura. Bwana harusi, Iordanis, fundi wa magari, alikuwa ameitwa na binamu yake aende kufanya kazi Ujerumani.

"Nchi ikitoka kwenye Umoja, mpaka utafungwa, mama," alimwambia Evanthia, akila keki yake bila haraka. "Bora mpaka ufungwe sisi tukiwa upande wa pili."

Kila Iordanis alipotamka neno Ujerumani, Evanthia alimwona Areti akizeeka kwenye picha ya simu.

Dawa aliyoijua ilikuwa moja tu: kitanda. Ijumaa kabla ya harusi wasichana wasioolewa hukitandika kitanda cha maharusi, na ndugu hurusha juu yake noti, mchele na lozi za sukari, kisha mtoto mdogo hubingirishwa hapo ili uzazi uwe mwepesi. Mama yake Evanthia alikuwa akisema kuwa kitanda kilichoelemewa kinawashika wenyewe. Kitanda kitupu, upepo wa kwanza unawabeba.

Lakini mashine za kutolea pesa zilikuwa zinampa mtu noti chache tu kwa siku, na foleni ilizunguka jengo. Wastaafu walipangwa kuchukua pensheni kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, na Pandelis, aliyeendesha basi la mji maisha yake yote bila kuchelewa, aligundua kuwa ukoo wake uko mwishoni mwa alfabeti.

"Babu yangu alijiona mjanja kweli na jina lake," alisema.

"Watarusha nini, Pandelis?" Evanthia aliuliza. "Mchele mtupu?"

"Mchele si chakula?"

"Kitanda cha mchele ni cha kuku."

Usiku huo hakulala, na asubuhi akachukua simu. Alimpigia kila ndugu, wa mjini na wa kijijini, akawaambia neno moja: noti msihangaike nazo, leteni kitu ambacho hakitashuka bei pesa ikibadilika. Moyoni aliona vijiko vya fedha, pete za bibi, mashuka ya kufuma. Alisahau kwamba wiki ile mji mzima ulikuwa na wazo moja. Benki zilikuwa zimefungwa, lakini kadi ilikuwa bado inakubalika madukani. Kila mwenye akiba alikuwa anaigeuza kuwa chuma kabla haijageuka karatasi.

Ijumaa jioni ndugu walianza kufika. Shangazi Kleopatra, dada yake Pandelis, alishuka kwenye teksi akifuatwa na friji.

"Wifi, hii nini?" Evanthia aliuliza.

"Ulisema kisichoshuka bei. Nimenunua mbili. Moja yangu, moja ya mtoto."

Nyuma yake walikuja wa upande wa Iordanis kutoka kijijini, wakiongozwa na mama yake, Simela, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukamua ng'ombe. Walileta mashine ya kufulia, viyoyozi, jenereta, madebe ya mafuta ya zeituni, na msumeno wa kukatia miti uliofungwa utepe mweupe.

"Mkwe mwenzangu," Simela alisema akiangalia friji ya Kleopatra, "sisi tulidhani tunakuja kuwaaibisha. Kumbe mmejipanga."

Vyote vilipakiwa kwenye pikapu mbili pamoja na godoro, wapiga zumari na ngoma wakatangulia kwa miguu kama desturi, na msafara ukaelekea kwenye nyumba ya maharusi, upande wa pili wa barabara kuu. Na barabara kuu ilikuwa imejaa maandamano. Kulia walikuwa wanaotaka tukubali masharti, kushoto wanaotaka tukatae, na katikati polisi wenye ngao.

Wa kushoto waliposikia ngoma walipiga makofi, wakadhani wameletewa bendi. Wa kulia waliona vyombo vipya vya Kijerumani juu ya pikapu, nao wakapiga makofi, wakadhani ni watu wao. Msafara ukapita katikati ukishangiliwa na nchi nzima. Pandelis, ambaye hakuwahi kushangiliwa, akawa anapunga mkono pande zote mbili.

"Simama," polisi mmoja alisema. "Nyinyi mko upande gani?"

"Wa bibi harusi," Evanthia alijibu.

Polisi aliinua kioo cha kofia yake, akaikagua friji. "Ina dhamana?"

"Sijui, mwanangu. Kwani nani ana dhamana wiki hii?"

Hapo mtu wa nyuma kabisa akarusha chupa, na bomu la machozi likajibu. Watu walikimbia bila kuchagua upande. Evanthia alifungua furushi la bibi harusi, akagawa mashuka yaliyofumwa na marehemu mama yake, na wa kulia na wa kushoto wakafutia macho shuka moja, wakilaumiana ndani yake. Walipofika kwenye nyumba ya maharusi wote walikuwa wanalia, na majirani wakasema ile familia inampenda sana binti yao.

Chumbani wasichana walitandika kitanda kwa nyimbo. Kisha ikaja zamu ya kurusha, na watu wakatazamana. Friji hairushwi.

"Iwekwe chini, pembeni," Iordanis alisema.

"Pembeni ni dukani," Shangazi Kleopatra akasema. "Kisichogusa kitanda hakijatolewa. Mimi sikupanda teksi na friji ili niitwe mchoyo."

Wakaipandisha friji. Simela hakukubali kupitwa. Akaamuru mashine ya kufulia ipande. Wakapanda viyoyozi, jenereta, madebe ya mafuta, na juu ya vyote mchele na lozi. Mtoto wa binamu, ambaye alitakiwa kubingirishwa, hakupatiwa pa kubingirika, akakalishwa juu ya mashine ya kufulia kama diwani. Akatazama watu, akachukua lozi, akala. Watu wakacheka, wakasema uzazi utakuwa wa kisasa.

Evanthia peke yake hakucheka. Alisikia kitu. Ulikuwa mlio mwembamba, wa mbao inayofikiria. Kabla hajajua anafanya nini alishamnyakua mtoto, na kitanda kikaenda chini chote kwa pamoja, miguu ikitandazika pande nne. Mafuta ya zeituni yakatambaa taratibu kuelekea kwenye viatu vya wageni.



"Kimevunjika kwa heshima," Pandelis alisema.

"Kwetu kikivunjika kabla ya harusi," Simela akasema, "ni kwamba kilijaa. Sijawahi kuona, lakini lazima ndivyo."

Jumapili padri aliwafungisha Areti na Iordanis haraka, wageni wakatoka kanisani na mchele kwenye nywele wakaenda kupiga kura. Watu wengi walikataa. Baada ya siku chache serikali ikayakubali masharti yaleyale. Drakma haikuja, mpaka haukufungwa, na mji ukaamka na vyombo vya umeme vingi kuliko soketi.

Maharusi walilala kwenye godoro sakafuni, kati ya friji na jenereta. Iordanis hakuiacha safari yake. Binamu alikuwa bado anamsubiri, nauli ndiyo ilikosekana. "Tunauza hivi vyombo," alisema, "mwezi ujao tunaondoka."

Tangu hapo Evanthia alikuja kila asubuhi, eti kumwagilia mrehani wa binti yake. Iordanis alipokuwa gereji, wateja walipobisha hodi yeye ndiye aliyewafungulia.

Siku moja alikuja mwenye mgahawa, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, akaifungua friji ya Kleopatra, akaifunga, akaifungua tena, akaridhika.

"Friji nzuri," Evanthia alimwambia. "Ila usiku inalia."

"Inalia vipi, mama?"

"Kama mtu aliyemkumbuka mtu. Mimi nimezoea. Wateja wako sijui."

Mwenye mgahawa aliiangalia friji kwa jicho jingine. Akasema atarudi, kwa ile sauti ya wasiorudi, akashuka ngazi.

Evanthia alipogeuka, Areti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina sabuni.

"Mama, ile friji haijawahi kuwashwa."

"Ndiyo maana huwezi kujua."

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini? Sijamfukuza mtu. Nawaeleza tabia za vyombo, watu wasije wakatudai."

Areti alikausha mikono yake polepole. Evanthia alisubiri kugombezwa. Alikuwa ameshaandaa majibu, na machozi pia, kama majibu yangemwishia. Alimtazama binti yake shingoni, maana tangu utotoni hasira za Areti zilianzia shingoni. Shingo ilikuwa imetulia.

"Yule wa mashine ya kufulia," Areti alisema, "aliyekuja juzi na mkewe."

"Nimemkumbuka. Hakurudi. Wala mimi sikumgusa yule."

"Nilimwambia inakula soksi."

Evanthia alikaa juu ya jenereta. 

"Iordanis hajui," Areti akaendelea. "Nitamwambia mwenyewe, nikipata pa kuanzia. Usimwambie baba, baba hajui kukaa na neno."

Chini, mlango wa jengo ulifunguka. Zilisikika sauti za wanaume wawili wakipanda, moja ya Iordanis, aliyerudi mapema, akimsifia mtu fulani kiyoyozi.

Evanthia akainuka, akakaza kitambaa chake kichwani.

"Kaa, mama," Areti alisema, akienda kufungua mlango. "Ukisema wewe kila mara watashtuka. Huyu niachie mimi."