Kaniki ya Mama na Korosho za Harusi

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Likombe, mwanangu, asubuhi niliyoianza kwa aibu nikaimaliza kwa vigelegele. Mama alikuwa na kisukari, na kilikuwa kimemla macho hata uso wangu akauona ukungu mtupu. Harusi ya kaka ilikaribia, na korosho za wageni miaka yote huzichambua yeye. Mimi, binti mwenye heshima zangu (heshima za kijinga!), nikauficha ungo wake darini. "Mama, we pumzika, mie nipo."

Siku tatu alikaa barazani, mikono mapajani, chakula hataki. Nami nikadhani anapumzika!

Asubuhi hiyo ndipo akaja dada mmoja wa kliniki ya macho, kazi yake kuwafundisha watu kutumia uoni uliowabakia. Akamuuliza mama anapenda kufanya nini. Mama akanigeukia.

"Sukari imenichukua macho, na wewe ukanichukua mikono. Afadhali sukari, haijaniambia inanipenda."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Nikaushusha ungo. Yule dada akataka na kaniki ya mama, akaitandika karibu na mlango penye mwanga, akazimwaga korosho zilizomenywa. Mama akainama, akapapasa.

"Hii nzima. Hii kipande. Ee! Mbona naziona!"

Korosho nyeupe juu ya nguo nyeusi, jambo dogo hivyo! Nilipiga kigelegele majirani wakadhani bibi harusi kashafika. Macho hayakupona, la, lakini korosho za harusi alizichambua yeye, na vipande nilivyochanganya mimi nilipozichambua siku zile tatu alivitoa kimoja kimoja huku akinicheka. Jungu kuu halikosi ukoko.

Leo sukari ni yangu, na kaniki ile ile naitandika mlangoni. Basi shika haya. Ukiwa na kisukari, kapime macho ungali unaona vizuri, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mzee wako akipungukiwa uoni, usimnyang'anye kazi kwa jina la mapenzi, wala usimhamishie vyombo vyake. Muulize anataka nini, kisha mkae wote wawili mtafute njia.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu. Na yakija kufifia, akujaalie mtoto atakayekuuliza kwanza, "Ungo nikuwekee wapi?"