Moyo wa Fundi Cherehani

“Mume wangu amepona, bibi. Kesho atapanda mlima hadi Mhezi kumwozesha binti yetu,” alinibishia Eliwaza, mke wa fundi cherehani, tulipokuwa tukimenya maharage. Nikamwambia mlima unataka moyo unaokimbia, na wa mumewe umesahau kukimbia. Zamani viganja vya fundi vilitiririka jasho hata kanzu nyeupe zikawa na madoa kabla hazijavaliwa. Akaenda Nairobi, daktari Mwingereza akamkata mishipa ya fahamu karibu na kwapa, ile inayotoa jasho la mikono na kuukimbiza moyo. Alirudi na mikono mikavu kama majivu, jasho lote limehamia mgongoni, na tangu hapo hukanyaga cherehani kwa kufuata moyo wake: anakanyaga, ananyamaza, anakanyaga.

“Leo alipoinama kunipima bega nilitega sikio kifuani pake,” nikasema. “Baina ya pigo na pigo nilimenya maharage maganda matatu.”

Eliwaza akacheka. “Juzi ulisema mawili.”

“Juzi yalikuwa mawili.”

Mara fundi akaingia, fimbo ya safari mkononi, shati limelowa mgongoni. “Shikamoo, bibi.” Eliwaza akamwegemea, sikio kifuani pake. Safari hii yeye ndiye aliyeokota ganda la kwanza, akaanza kumenya.