Jina Langu Chini ya Picha

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari katika ofisi ya walimu Kibiti. Hakunisalimu.

"Umemfanya nini mama?"

Mama yake ndiye aliyenilea kule Salale, kijiji cha delta, baada ya mama yangu kufariki. Nilimwomba anieleze taratibu.

"Kuna bango limebandikwa gatini. Picha ya mama, kashika panga. Juu wameandika, 'Tuwafichue waharibifu wa mikoko.' Chini kuna jina lako."

Picha niliijua. Niliipiga siku kikundi cha akina mama kilipokuwa kinafyeka magugu kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, ili wapande mikoko. Mama mdogo aligeuka, matope magotini, amekunja uso kwa jua. "Piga tu, mwanangu," aliniambia.

Niliipenda mno, nikaiweka mtandaoni kwa leseni huria: yeyote aichukue, aichapishe, hata aiuze, bila kuniomba, ila aandike jina la mpiga picha. Masomo yangu mengi darasani huyafundisha kwa michoro ambayo watu nisiowajua wameiachia hivyo hivyo. Niliona ni zamu yangu kutoa.

Waliochapa bango walitimiza sharti langu. Lakini pale gatini jina langu lilisomeka kama la mtu aliyemchongea mama yake.

Mchana ule ule nilikwenda kwenye ofisi ya kikundi cha watetezi wa misitu kilichotengeneza mabango. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole.

"Mwalimu, leseni tumeifuata. Jina lako tumeliweka."

"Huyo mama alikuwa anapanda mikoko, hakuwa anaikata."

"Sasa mbona picha haionyeshi miche?"

Kapu la miche lilikuwapo, chini upande wa kushoto. Upande huo niliukata mwenyewe ili picha ikae vizuri. Nilimtafutia picha nzima kwenye simu. Aliitazama, kisha akavuta karatasi akaandika barua ya kuomba radhi, akaigonga muhuri, akanikabidhi. Akasema atawapigia simu wenzake wa delta wayaondoe mabango yote.

Kesho yake nilipanda boti pale Nyamisati. Tulipofika Salale, wanaume kadhaa walikuwa wamekaa gatini. Bango lilikuwa bado pale. Nililibandua, na hakuna aliyenisaidia.

Mama mdogo alikuwa uani anachambua uduvi.

"Shikamoo, mama."

Alichambua kwanza. "Marahaba."

Akaniambia askari wa misitu walifika juzi. Walimuuliza anauza nguzo za mikoko kwa nani, wakaondoka na panga lake.

"Nilikuruhusu unipige picha," alisema. "Uso wangu umemgawia nani?"

"Nilidhani nagawa kazi yangu, mama."

"Na mimi je?"

Nilimsomea barua. Alitaka isomwe mbele ya watu, na mwenyekiti wa kitongoji akaisoma jioni baada ya swala ya alasiri. Niliposimama kueleza nilivyokata picha, mzee mmoja aliuliza kwa nini nikate miche ya mikoko nikabakiza panga. Wachache walicheka. Mama mdogo hakucheka. Mwenyekiti aliahidi kwenda mwenyewe kulifuata panga, na kabla ya wiki kwisha lilirudishwa.

Nilibaki na jambo moja la kumwambia mama mdogo.

"Kwenye ukurasa wangu ile picha nimeifuta. Lakini waliokwisha kuichukua wana haki ya kuendelea nayo. Leseni ile nikishaitoa, siwezi kuwanyang'anya."

"Kwa hiyo haitarudi."

"Haitarudi, mama."

Aliinuka akaenda kuanika uduvi.

Bado naachia picha zangu bure: ndege, mito, majani ya mikoko kwa ajili ya walimu wenzangu. Za watu, nakaa nao kwanza, nawaeleza kwamba picha inaweza kufika popote na ikasemeshwa lolote. Wengi hukubali. Wapo wanaokataa, na mbele yao naizima simu. Mama mdogo ananipikia nikienda, tunazungumza mpaka chai inapoa. Mwezi uliopita kikundi chao kilipanda tena, nami nilikwenda kuwasaidia kubeba miche. Mmoja wao aliniomba niwapige picha. Mama mdogo aliweka kapu chini, akasogea pembeni, akasubiri mpaka nilipomaliza.