Ruhusa ya Kuvua Shati

Mume wangu Valerian alikuwa mtu wa suti. Kwetu Kibosho walimwita Bwana Tai tangu ujana wake, na tulipohamia Minnesota mwaka 1987 hakubadilika. Wenzake walikuja pikiniki na kaptura, yeye akaja na suti ya vipande vitatu na kugeuza nyama kwenye jiko la mkaa huku tai ameitupia begani. Nilimcheka, lakini nilijivunia. Mashati yake niliyapiga pasi mwenyewe, wala nisingemwachia mtu.

Septemba 1995 akapata mkanda wa jeshi. Malengelenge yakamzunguka ubavu wa kulia, kutoka mgongoni hadi kifuani. Miaka ile ukitaja mkanda wa jeshi, watu wetu walisikia ukimwi. Alipima mara mbili, hana, lakini utazunguka nyumba kwa nyumba ukionyesha cheti? Wageni wakapungua, na waliobaki walikuja kuchungulia zaidi kuliko kutoa pole.

Malengelenge yakakauka, maumivu yakagoma kuondoka. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeharibika, na kupona huenda kukachukua miaka. Shati likimgusa, aliruka kama aliyeguswa na pasi ya moto. Shuka hataki. Mkono wangu hataki. Akahamia kwenye kiti cha sebuleni, na kwa miezi kumi sikumsikia akikoroma hata mara moja. Nilisikia kuguna tu. Jamani, kumpenda mtu usiyeweza kumgusa ni adhabu. Nami nina hasira za karibu, kwa hiyo kuna siku nilimfokea yeye badala ya kuufokea ugonjwa.

Jumamosi moja ya Julai, Jairus akagonga mlango. Jairus ni Mmachame, msafishaji wa ofisi kule Eagan, na ndiye mshenga aliyepeleka posa ya Valerian kwa baba yangu mwaka 1979. Mkononi alishika jani la sale. Kwetu Wachaga, sale ni jani la kuombea msamaha, na halikataliwi hata kama aliyelituma amekuulia ng'ombe. Huku Marekani wanaupanda mmea huo kwenye vyungu maofisini kama pambo, hawajui walichonacho. Jairus alikuwa amelikata kazini.

Nilichungulia dirishani nikamwona mume wangu amejikunyata ndani ya gari letu, madirisha yote wazi. Mshenga kwa mwanamke aliyeolewa, tena na sale! Nikajua Valerian amepata mwanamke.

“Shemeji, pokea kwanza,” Jairus akasema.

“Sipokei. Ni nani huyo?”

“Nani tena?”

“Huyo mwanamke!”

“Hakuna mwanamke, shemeji. Ni klabu.” Akatoa fomu mfukoni, jasho linamtiririka. “Klabu ya watu wasiovaa nguo.”

Heri angesema mke mwenza. Hapo ningejua pa kuanzia ugomvi. Jairus akaeleza huku akitazama zulia. Kwenye kliniki ya maumivu, Valerian alikaa na mzee mmoja Mzungu, Harrison, mstaafu wa posta. Huyo ndiye aliyempeleka mara mbili kwenye klabu yao kando ya ziwa, kaskazini ya mji, mimi nikidhani yuko ovataimu. Wanacheza karata, wanaogelea, wanakula, uchafu hakuna. Mgeni anaruhusiwa mara tatu tu. Baada ya hapo lazima ajiunge, na mume wa mtu hapokelewi bila sahihi ya mkewe. Bila sahihi yangu, basi, Valerian anarudi kwenye kiti chake cha sebuleni.

“Kanisani anasoma somo mbele ya watu mia mbili,” nikasema, “mimi ananiletea mshenga? Mwite!”

Akapanda ngazi, amelishika shati kwa vidole lisimguse ubavu.

“Mama Noela, kule naweza kukaa saa nzima nimeusahau ubavu wangu. Na hakuna aliyeniuliza nimeugua nini.”

Sale halikataliwi. Nikalipokea.

“Hili ni kwa ule uongo wa ovataimu,” nikamwambia. “Nimekusamehe. Sahihi ni jambo lingine. Sitii mpaka nione kwa macho yangu.”

Jumamosi iliyofuata nikavaa kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikajifunga kilemba, nikabeba bakuli la maandazi. Nilikuwa naenda kwa shari, lakini kwa watu huendi mikono mitupu. Langoni alikaa mama wa miaka sitini hivi, amevaa miwani tu, kalamu ameichomeka sikioni kwa kuwa mfuko hana. Akasema mgeni wa mara ya kwanza anaweza kubaki na nguo zake. Nikamshukuru huku nikiangalia misonobari.

Lakini miaka minane nimeogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, miili naijua. Nilipoteremsha macho nikamwona Harrison na kovu refu la upasuaji mgongoni, na mama mwenye titi moja akimcheka kwa kumfunga karata. Walipokea maandazi kwa furaha. Hakuna aliyenitolea macho, isipokuwa kwa kilemba changu.

Valerian akatandika taulo kwenye kiti kirefu kivulini, maana huko kila mtu hukalia taulo lake. Akajilaza. Niliuona ubavu wake mchana kweupe, na makovu yake meusi, nikageuka upande wa ziwa.

Mara nikasikia mngurumo. Nilidhani ni mashine ya kukata nyasi. Kumbe ni mume wangu anakoroma.

Nikavua kilemba, nikaketi karibu yake, nikawa nampungia mbu. Nililia, wala sikujificha. Saa moja na nusu alilala.

“Nimelala?” akauliza alipofumbua macho.

“Umelala, Baba Noela. Umekoroma mpaka watu wameacha karata.”

Nikaenda langoni kuomba kalamu. Yule mama akaitoa sikioni, nikatia sahihi. Chini fomu iliuliza kama na mke angependa kujiunga. Hapo nikapaacha wazi.

Nikarudi kwake, nikavua viatu, nikaweka mguu wangu juu ya mguu wake wa kushoto. Hakuruka.